Wakwe wa Meza Namba Moja

"Oda! Meza namba moja! Fundi, hiyo usiiweke foleni!"

Mhudumu waliyempachika jina la Kasuku kwa sababu ya mdomo wake alipachika karatasi kwenye dirisha la kutolea chakula, akatoweka kabla hajaulizwa kitu.

Fundi, mpishi mkuu wa mgahawa ule mpya, alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua karatasi na kuisoma. Kisha akairudia taratibu, kama mtu aliyepata barua yenye habari njema na hataki iishe.

*Meza 1. Wakwe wa bosi, wawili. Waanze wao. Supu ya maboga mbili, kuku wa limau mmoja, samaki mmoja.*

"Wamefika," alisema.

"Nani?" aliuliza Bibi Povu, mwosha vyombo, mikono yake ikiwa ndani ya sinki mpaka kwenye viwiko.

"Baba na mama. Soma hapa. Wakwe wa bosi."

"Miwani yangu nimeiacha nyumbani, lakini uso wako nausoma hivi hivi. Haya, pika mwanangu. Leo wewe ni bi harusi mwenye mwiko."

Fundi alicheka mpaka akaona haya. Aliinama kwenye jiko, akapunguza moto wa supu, akaionja kwa kijiko kidogo. Siku ile ilikuwa ya mlo wa majaribio: mgahawa bado haujafunguliwa rasmi, jiko linapikia wageni waalikwa ili kila mtu ajue makosa yako wapi. Wiki ijayo mlango ungefunguliwa kwa umma. Mwezi ujao angeolewa na mwenye mgahawa. Hivyo ndivyo alivyojua yeye.

Mtaa wenyewe ulikuwa umebadilika mbele ya macho yao. Palipokuwa duka la misumari na mabati, sasa palikuwa na baa yenye viti virefu. Ghala la viatu lilikuwa mgahawa wa samaki, na ofisi ya zamani ya bima iliuza kahawa katika vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Kila wiki kulikuwa na kioo kilichozibwa kwa magazeti na kibandiko kinachosema "Tunafungua karibuni". Katika jengo la kona, lenye ghorofa mbili na ngazi ya mbao, mtu wa Fundi ndiye aliyepata ukumbi wa chini.

Walimwita Mtanashati. Hata jua likiwaka vipi, shati lake halikuwa na kikunjo. Alikutana na Fundi miaka minne nyuma katika hoteli kubwa, yeye akiwa mhudumu na Fundi akiwa mpishi msaidizi. Hoteli ile haikutaka wapenzi wafanye kazi zamu moja. Wakigundulika, mmoja anafukuzwa. Basi wao wakajifanya ndugu.

"Kaka, meza nne wanasubiri!"

"Dada, wape radhi, nakuja!"

Hotelini wote waliamini. Meneja aliwahi hata kumpa Fundi ruhusa ya siku mbili akamuuguze kaka yake, nao wakacheka wiki nzima. Aliyeujua ukweli alikuwa Bibi Povu peke yake, kwa sababu aliwafumania kwenye chumba cha mashuka.

Walipohamia katika mgahawa wao, Fundi alisema, "Sasa basi, niite mke wako mtarajiwa kama watu wengine."

Mtanashati akamshika mabega. "Kwanza tupate wafanyakazi wanaotuheshimu. Wakijua sisi ni wapenzi, kila nikikusifu watasema upendeleo. Tuendelee na kaka na dada mpaka tufungue. Umeshazoea, au siyo?"

Alikuwa ameshazoea. Akakubali, hasa alipoahidiwa kwamba siku ya mlo wa majaribio wazazi wake wangetambulishwa. Akaacha kazi ya hoteli, akaja na visu vyake, na Bibi Povu akamfuata.

"Oda nyingine, meza namba moja!" Kasuku alikuwa amerudi. "Mama mkwe anasema supu ni tamu ila imepoa mdomoni. Anataka pilipili. Nyingi. Amesema nisimletee ya kubembeleza."

Mkono wa Fundi ulisimama hewani.

"Anataka nini?"

"Pilipili, Fundi. Nyekundu. Inayowasha."

Mama yake alikuwa na vidonda vya tumbo. Ule ulikuwa mwaka wa tisa hajagusa pilipili. Hata akisikia harufu yake anasogeza kiti.

"Una hakika ni meza namba moja?"

"Ile ya dirishani, yenye maua. Nimekosea meza lini mimi?"

"Jana, mara tatu," alisema Bibi Povu.

"Jana ilikuwa mazoezi!"

Fundi alisaga pilipili, akaitia kwenye kibakuli, akampa. Lakini roho ilikuwa imeingia mchanga. Alitazama rafu iliyo karibu na mlango. Kulikuwa na sufuria kuukuu ambamo kila mtu wa jikoni aliweka simu yake kabla ya kazi kuanza. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na hakuwahi kuivunja.

Siku hiyo aliivunja. Alitoa simu yake na kuona mama yake amepiga mara saba.

Akapiga.

"Mama? Mko meza gani?"

"Meza gani, mwanangu? Tuko sebuleni. Tumevaa tangu saa tatu asubuhi. Baba yako amevaa na viatu, hataki kuvua, anasema gari litatukuta hatuko tayari."

"Gari halijafika?"

"Ndiyo maana nakupigia. Baba yako amepata ujumbe kwa mkwe. Subiri nimpe akusomee, mimi herufi zake ni kama sisimizi."

Sauti ya baba yake ikaingia, nzito, ya mtu anayesoma mbele ya mkutano.

"Anasema hivi: 'Shikamoo baba. Gari limeharibika njiani. Naomba mbaki nyumbani, nitakuja mwenyewe Jumapili kuwaomba radhi. Tafadhali msimpigie binti, asije akachanganyikiwa na kuharibu mapishi.' Sasa mama yako huyu, akiambiwa asipige ndipo anapiga. Gari limeharibika wapi? Niende nikalisukume?"

"Hapana, baba. Kaeni tu. Nitawapigia."

"Lakini wewe u mzima?"

"Mzima, baba."

Alikata simu. Asubuhi ile ile alimwuliza Mtanashati kama gari limekwenda kuwachukua, naye akamjibu akiwa anajitazama kwenye kioo, "Limeshaondoka, dada. Wewe pika tu."

"Bibi Povu."

"Naam."

"Wazazi wangu wako nyumbani."

Maji kwenye sinki yakaacha kupiga kelele. "Basi pale mezani ni wakwe wa nani?"

Kasuku ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa dirishani na sahani tupu mikononi, na tangu azaliwe hajawahi kuacha swali lipite.

"Wakwe wa bosi, si niliandika? Mwenye jengo na mkewe. Bosi anamwoa binti yao. Katutangazia asubuhi kule ukumbini, akasema tuwahudumie kama wafalme. Fundi, ina maana kaka yako hakukwambia? Ndugu gani nyie?"

Fundi alishika ukingo wa meza ya kukatia. Kuku wa limau alikuwa jikoni, ngozi yake ikianza kuwa ya dhahabu. Alimgeuza. Akanyunyiza limau. Mikono iliendelea kufanya kazi kama haikusikia.

"Nani alikwambia mimi ni dada yake?"

"Yeye. Na wewe. Kila siku si 'kaka' hapa, 'dada' pale?"

Bibi Povu alifuta mikono, akaja kusimama karibu yake. Hakumgusa. "Mwanangu, zima hilo jiko."

"Huyu kuku bado dakika tatu."

"Zima jiko, tukammwagie mtu supu kichwani."

"Dakika tatu, bibi."

Zilipotimia alimtoa kuku, akampanga kwenye sahani, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa safi kama alivyowafundisha wote. Akamsukumia Kasuku. "Peleka. Halafu mwambie kaka yangu ninamwita stoo."

*

Mtanashati aliingia stoo akitabasamu, tabasamu lile la kumwambia mgeni kwamba meza yake itakuwa tayari hivi karibuni. Alipoiona simu mkononi mwa Fundi, tabasamu likabaki usoni lenyewe, halina mtu ndani.

"Dada, kuna wageni."

"Hapa tuko wawili, na magunia ya viazi. Dada yako ni nani?"

"Usipaze sauti."

"Sijapaza. Gari limeharibikia wapi?"

Alifunga mlango kwa mgongo. "Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unipige ukitaka. Huyu mzee hapangishi mtu baki. Watu kumi wameutaka ukumbi huu, wenye mifuko mizito kuliko yangu. Amewakataa wote. Binti yake akanipenda. Ningefanyaje? Ni jengo tu, mpenzi. Mkataba ukishatiwa saini, mwaka mmoja, basi, nitaachana naye. Wewe na mimi tutabaki na mgahawa."

"Binti yule anajua ni mwaka mmoja?"

Aliyatazama magunia.

"Nimeuliza. Umemwambia kwamba yeye ni wa mwaka mmoja?"

"Unaanza ukorofi. Haya yote namfanyia nani? Jiko lile la chuma nimemnunulia nani? Ulitaka uzeeke ukikaanga mayai ya hotelini?"

"Nilitaka baba yangu akae kwenye ile meza."

"Atakaa! Siku nyingine atakaa!" Alimsogelea, akashusha sauti, ile sauti ya chumba cha mashuka. "Leo nakuomba kitu kimoja tu. Baki jikoni. Pika. Usitoke. Yakipita haya ya leo nitakupigia magoti."

Mlango ukasukumwa, ukamgonga mgongoni. Akaingia msichana mwenye gauni la rangi ya maziwa, uso umejaa furaha.

"Mmejificha huku! Wifi! Hatimaye!"

Alimkumbatia Fundi pamoja na aproni yake na mafuta yake. Alinukia sabuni ya watoto.

"Kila siku naomba nikuone, kaka yako ananikatalia. Eti wewe ni mkali, una wivu, kila msichana anayemkaribia unamtoa mbio kwa kisu! Kumbe ni mpole hivi. Wifi, yule kuku! Baba anakula amenyamaza kabisa. Baba yangu hanyamazi hata msibani. Njoo, wanataka kukuona."

"Mwache dada," Mtanashati alisema haraka. "Ana sufuria motoni."

"Hakuna kitu motoni," alisema Fundi. "Nimeshazima."

Msichana alimshika mkono, akamtoa. Kiganja chake kilikuwa na joto, na kilimwamini. Fundi aliyatafuta moyoni mwake matusi ya kumtukana, akayakosa. Alichokuta ni aibu tu, kwamba naye kwa miaka minne alisaidia kulijenga neno lile, "kaka", tofali kwa tofali, akicheka.

*

Mwenye jengo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alisimama Fundi alipofika, jambo ambalo wengi hawamfanyii mpishi. Mkewe alikuwa anajipepea kwa orodha ya vyakula, kibakuli cha pilipili mbele yake kikiwa kitupu.

"Shikamooni," Fundi alisema.

"Marahaba, binti. Keti."

"Nimevaa nguo za kazi, mzee. Nitasimama."

"Vizuri. Sitazunguka." Mzee aliweka uma chini. "Huyu kijana ametwambia wazazi wake walishafariki, na ndugu yake ni mmoja tu, dada. Ni kweli?"

"Wazazi wake walifariki, ndiyo."

"Mungu awarehemu. Sasa mimi simpi mtu mtoto wangu, wala ukumbi alioniachia baba yangu, kama hana mtu wa kumsemea. Nilimwambia leo nataka kulisikia neno la upande wake. Akasema wewe una kazi nyingi, atakusemea. Nikamwambia hapana, mtu hajisemei mwenyewe. Basi ni wewe. Mkataba uko hapa mfukoni. Upande wenu mmekubali?"

Ukumbi ulikuwa na meza nane za wageni, na zote zilikuwa zimetulia. Dirishani kwa jikoni kulikuwa na vichwa viwili, cha Kasuku na cha Bibi Povu.

Mtanashati alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha msichana. Jasho lilikuwa limechora mstari kwenye lile shati lisilo na kikunjo. Macho yake yalimwomba Fundi. Neno moja tu, ndiyo, na jiko la chuma lingebaki lake, ukumbi ungebaki wao, wahudumu wangebaki kazini, na mpenzi wake angebaki kuwa kaka yake kwa mwaka mwingine. Au kwa miaka mingapi? Akisema hapana, angetoka mlango ule bila mchumba, bila kazi, na umri wa miaka thelathini na mitatu.

"Mzee," alisema, "mimi siwezi kumsemea."

"Kwa nini? Hujampenda binti yangu?"

"Nimempenda. Ila mtu hasemewi na mchumba wake."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Msichana alikuwa bado anatabasamu.

Mtanashati akacheka kwa nguvu, peke yake. "Dada ana utani huyu! Tangu utotoni! Dada, utawatisha watu."

"Utoto gani? Tumejuana hotelini, ukiwa umebeba trei."

"Wifi?" Msichana alimgeukia. "Ni utani, sivyo?"

Fundi alifuta mkono kwenye aproni. Alitoa simu, akatafuta ujumbe wa asubuhi, akaiweka mezani kati ya sahani. Msichana aliichukua, akasoma kwa sauti, kama anayetaka kuwathibitishia wote kwamba ni mzaha.

"'Umeamkaje, chumvi ya maisha yangu? Leo ndiyo siku yetu. Nivumilie mchana mmoja tu, halafu dunia nzima itajua wewe ni wa nani.'"

Alishusha simu ya Fundi. Akafungua mkoba wake mdogo, akatoa simu yake. Alitazama hii, akatazama ile. Hakuisoma ya pili kwa sauti, lakini midomo yake ilicheza, na kila mtu mezani aliona ni maneno yale yale.

"Mimi niliupata saa kumi na mbili na dakika nne," alisema.

Fundi aliangalia wake. "Dakika tano."

Hata kwenye ujumbe alikuwa wa pili.

"Lo!" sauti ya Bibi Povu ilitoka dirishani. "Hakubadilisha hata nukta!"

"Nisikilizeni," Mtanashati alisema. Aligeuka kwa mzee, akageuka kwa msichana, akageuka kwa Fundi, kama mhudumu aliyeitwa na meza tatu kwa mpigo. "Kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili yetu."

Mama wa msichana, ambaye hakuwa amesema neno tangu alipoomba pilipili, aliiweka chini ile orodha ya vyakula.

"Yetu na nani? Mtaje."

Mtanashati alifungua mdomo. Wanawake wawili walimtazama, wakisubiri kwa adabu kabisa. Mdomo ukafungwa.

"Nilidhani hivyo," alisema mama.

Mzee alimtazama Fundi. "Wewe uliyajua haya lini?"

"Kama nusu saa iliyopita."

"Na kuku umetuletea hivi hivi?"

"Kuku hakuwa na kosa, mzee."

Mzee alitikisa kichwa, akachukua kitambaa, akajifuta mdomo kona zote mbili. "Mkataba hautiwi saini. Kijana, ukumbi huu nitaufunga leo. Wageni wamalize chakula chao kwa raha, wala asiharakishwe mtu. Kisha nataka funguo."

"Mzee wangu, tafadhali..."

"Mimi si mzee wako. Una wazee wengine, wa huyu binti, kama nimeelewa vizuri. Wako wapi?"

Hapo Fundi ndipo alipotaka kulia. Alijibu yeye. "Wako nyumbani. Wamevaa."

Msichana alivua pete. Alitafuta mahali pa kuiweka, akaidondosha kwenye bakuli la supu lililobaki nusu. Alisimama mbele ya Fundi, machozi yakimtoka bila sauti.

"Wifi..." alianza, akasita. "Sijui nikuite nani."

"Hata mimi sijui."

Mama yake alikuwa ameshainuka; msichana akamfuata nje.

*

Jikoni, Fundi alifunga visu vyake kwenye kitambaa, kimoja kimoja. Mtanashati alisimama mlangoni.

"Umefurahi? Umebomoa nyumba yetu kwa neno moja."

"Nilikuwa sijui kama nina nyumba."

"Ningekuoa! Naapa ningekuoa!"

"Lini, kaka?"

Neno hilo lilimrudisha nyuma hatua moja. Kwa miaka minne lilikuwa mzaha wao mtamu kuliko yote. Sasa alilisikia kama wengine walivyokuwa wakilisikia.

"Usiniite hivyo."

"Ni wewe uliyesema nimeshazoea."

Bibi Povu alipita katikati yao bila kuomba njia, mikononi ana vyombo viwili vilivyofunikwa. "Supu na kuku, na samaki chini. Vya wazee. Nimekutilia na wali." Kisha akamtazama Mtanashati kuanzia viatu mpaka kola. "Na wewe, bosi, pale sinki kuna vyombo vya meza nane. Aproni yangu iko kwenye msumari. Itakubana kidogo."

Kasuku alikuwa kwenye kona, macho mekundu. "Fundi, na sisi je? Mimi nilikuwa nimeshawaambia nyumbani nimepata kazi."

Fundi alimshika bega. "Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi."

"Uliandika ulichoambiwa. Haikuwa na kosa hata moja. Leo hata meza hukukosea."

Nje jua lilikuwa bado liko juu. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wanabandua magazeti kwenye kioo cha mgahawa mwingine mpya, na mtu juu ya ngazi alikuwa ananyoosha bango. Bibi Povu alikaza macho.

"Mwanangu, pale pameandikwa nini? Mimi sina miwani."

"Wanatafuta wapishi."

"Hawatafuti mwosha vyombo?"

"Hawajaandika."

"Wapishi wanachafua, au siyo? Basi watatafuta. Haya, nenda kwa wazazi. Chakula hicho kinapoa."

*

Baba yake alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, viatu vimeng'aa, na kofia mkononi. Alichungulia nyuma ya Fundi, kwenye barabara.

"Mkwe wangu yuko wapi? Anaegesha gari?"

"Baba, huna mkwe."

Mama yake alitoka chumbani, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Alimtazama mwanawe mara moja tu, akavipokea vile vyombo, akaenda kuleta sahani. Walikaa, naye akawaeleza yote, tangu meza namba moja mpaka pete ndani ya supu. Alipofika kwenye habari ya kaka na dada, baba yake aliinua kidole.

"Subiri. Hotelini mliwaambia watu ninyi ni ndugu?"

"Ndiyo, baba. Tusifukuzwe."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minne."

Mzee alivua koti taratibu, akalitundika kwenye kiti. "Basi alifanya mazoezi ya kutosha. Na mwalimu alikuwa mzuri."

"Wewe!" mama alimkemea. "Mtoto ameumizwa!"

"Namwambia kweli ili asije akarudia. Kuumia ameumia, naona." Alimgeukia binti yake, na sauti ikalegea. "Umekosea kusema uongo. Yeye amekosea kuufanya nyumba ya kuishi. Makosa hayo hayalingani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Ndipo alipolia, kichwa kwenye bega la mama yake, kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mama alikuwa akimpapasa mgongo huku akiionja supu kwa mkono wa pili.

"Haina pilipili," alisema mama kwa mshangao na shukrani.

Baba alikohoa. Alitia mkono kwenye mfuko wa lile koti, akatoa karatasi tatu zilizokunjwa, zimeandikwa kwa mkono, na mistari mingi imekatwa.

"Niliandaa hotuba. Wiki nzima. Mama yako ananicheka."

"Sikucheka. Nilisema ni ndefu."

"Sasa niifanyeje? Niitupe?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Soma, baba."

Mzee alisimama, ingawa walikuwa watatu tu, akaweka karatasi mbali na macho. "Waheshimiwa wageni waalikwa..." Alitazama sebule. "Hao hawapo." Alishuka mistari kadhaa kwa kidole. "Binti yetu huyu alipoanza kupika, alikuwa akisimama juu ya kigoda. Aliunguza sufuria tatu za mama yake. Ya nne hakuiunguza. Tangu siku hiyo sijala chakula chake nikabakiza. Watu watawaambia kwamba amebahatika kupata mtu wa kumfungulia mgahawa. Mimi baba yake nasema, aliyebahatika ni yule ambaye huyu amekubali kumpikia." Alihamia karatasi ya pili. "Ni mchapakazi, ni mkweli..." Alisita kwenye neno hilo, akamtazama juu ya karatasi. "Hapa nitaandika upya. Ni mchapakazi, na sisi tunajivunia yeye."

Alikunja karatasi, akakaa, akavuta sahani.

"Baba, hujamaliza. Naona kuna karatasi nzima bado."

"Hiyo ilikuwa ya mkwe," alisema mzee, akaitia chini ya sahani ya kuku ili isichafue kitambaa cha meza. "Kula."